Akidi ya Seva: Jinsi Mfumo wa Biashara Unavyobaki Hewani Mashine Moja Ikifa

Ilikuwa Novemba, msimu wa korosho umekolea, nami nilikuwa kwenye foleni ya ofisi moja ya malipo mjini Mtwara, nyuma ya mama mmoja aliyesema ametoka Msimbati alfajiri. Alipofika dirishani, karani alimwambia kwa upole, "Mama yangu, mtandao hakuna, naomba usubiri kidogo." Mama alifungua pindo la kanga, akatoa simu yake, akamgeuzia karani kioo. "Mwanangu, mbona huku mtandao upo? Sasa hivi nimeongea na mjukuu wangu kwa video." Karani alinyamaza, na simlaumu, kwa sababu neno alilofundishwa kulitumia halikuwa neno la tatizo lile. Mama ndiye aliyekuwa sahihi. Mtandao ulikuwepo, na kilichokosekana kilikuwa kitu kingine kabisa.

Kauli hiyo ya "mtandao hakuna" inasikika kila mahali huku kusini, kuanzia Mtwara mjini hadi Masasi na kuanzia Lindi hadi Nachingwea, na imekuwa kapu la kutupia kila hitilafu. Wakati huohuo, korosho, ufuta na mbaazi zetu zinauzwa kwa minada ya kidijitali na malipo yanaingia moja kwa moja kwenye akaunti za wakulima, kwa hiyo mfumo ukisimama kwa saa mbili, kuna watu wanaolala mjini bila nauli. Katika mazingira hayo watu wameanza kusikia kwamba dawa ya tatizo ni kitu kinachoitwa klasta, na kwamba taasisi ikinunua seva mbili badala ya moja, haitasikia tena habari za kuzimika. Kauli hiyo ina ukweli, lakini ukweli wake ni nusu, na ile nusu iliyobaki imewagharimu watu fedha nyingi. Ndiyo sababu ya makala haya.

Tuweke maneno sawa kwanza. Mtandao ni njia tu, yaani nyaya, minara na mikongo ambamo taarifa hupita, kama ilivyo barabara ya Mtwara kwenda Dar es Salaam, ambayo yenyewe haibebi shehena bali inapitisha magari. Mfumo ni programu ambayo karani anaiona kwenye kioo chake, yenye sehemu za kujaza jina, namba ya mkulima na kiasi cha kulipa. Seva ni kompyuta yenye nguvu, aghalabu isiyo na kioo wala kibodi, ambayo kazi yake ni kuzihudumia kompyuta nyingine usiku na mchana. Kanzidata, ambayo wengine huiita hifadhidata, ndiyo daftari lenyewe, mahali ambapo majina, kilo, malipo na salio vimeandikwa kwa utaratibu ili vitafutwe kwa haraka na visipingane. Klasta ni kundi la seva zilizounganishwa ili zilitunze daftari hilo kwa pamoja, kiasi kwamba anayeuliza swali kutoka dirishani hajui, wala hana haja ya kujua, ni seva ipi kati yao iliyomjibu.

Kila kimoja kati ya hivyo kinaweza kuharibika peke yake. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya chini ya bahari, EASSy na Seacom, ilikatika na intaneti ikasuasua nchini. Klasta haiungi mkongo uliokatika. Siku ile seva nyingi zilikuwa nzima na tatizo lilikuwa la njia. Siku chache kabla ya hapo, mwanzoni mwa mwezi huohuo, mvua za kimbunga Hidaya zilikuwa zimeikata barabara ya kutoka Dar es Salaam kuja Lindi na Mtwara upande wa Kilwa, na kwa siku kadhaa magari hayakupita. Ajabu ni kwamba tukio hili la pili, ambalo halina hata waya mmoja wa kompyuta ndani yake, linahusu klasta zaidi kuliko lile la kwanza. Seva iliyopo Lindi ikiungua kifaa cha kupokea umeme, na kifaa cha kubadilisha kipo Dar es Salaam, na barabara imekatika, taasisi yenye seva moja itasubiri barabara. Taasisi yenye klasta itaendelea kuhudumia watu huku ikisubiri barabara. Kwa mikoa iliyo mbali na maghala ya vipuri, hiyo ndiyo hoja kubwa kuliko zote za kuwa na klasta, na ninashangaa jinsi isivyotajwa.

Namna klasta inavyofanya kazi inaeleweka vizuri zaidi tukienda ghalani. Chukulia ghala la chama cha msingi, AMCOS kama tunavyoziita, mahali kama Tandahimba. Tangu stakabadhi ghalani ianze kutumika kwenye korosho mwaka 2007, kazi ya pale inajulikana hata kwa watoto: mkulima anashusha magunia, yanapandishwa kwenye mizani, karani anasoma kilo na kuziandika daftarini, na mkulima anapewa karatasi ya kuthibitisha kwamba mzigo wake umepokelewa. Karani akiwa mmoja na daftari likiwa moja, kazi inakwenda vizuri mpaka siku karani atakapolazwa kwa homa huku ufunguo wa kabati ukiwa mfukoni mwake. Magunia yapo, wakulima wapo, mizani ipo, lakini hakuna anayeweza kupokea hata kilo moja. Hiyo ndiyo hali ya mfumo wenye seva moja.

Chama kinaajiri karani wa pili, anakaa meza yake na daftari lake, na kila mstari unaoandikwa na mwenzake naye anaunakili. Kuna namna mbili za kunakili, na tofauti yake ni kubwa kuliko inavyoonekana. Katika namna ya kwanza, karani wa kwanza hampi mkulima karatasi mpaka amsikie mwenzake akisema "nimeandika". Foleni inakwenda polepole kidogo, lakini karatasi ikishatoka, kilo za mkulima zipo kwenye madaftari mawili. Katika namna ya pili, karani wa kwanza anaandika, anatoa karatasi papo hapo, na mwenzake ananakili baadaye akipata nafasi. Foleni inakwenda haraka, ila wakati wote kuna mistari michache iliyopo kwenye daftari la kwanza peke yake. Daftari hilo likiungua saa hiyo, kuna mkulima atakayebaki ameshika karatasi halali ya kilo ambazo hazimo katika daftari lolote.

Kanzidata zinazotumika sana, za kulipia na za bure kama PostgreSQL, MySQL na MariaDB, zinaweza kupangwa kwa namna zote mbili, na mara nyingi kinachoamua ni umbali. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo za mkongo husafiri takribani kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 560 kwa barabara, kwa hiyo ujumbe kwenda na kurudi unakula karibu sehemu 6 kati ya 1,000 za sekunde, kabla vifaa vya njiani havijaongeza ucheleweshaji wao. Kwa malipo ya mtu mmoja hakuna atakayehisi. Kwa mfumo unaoandika maelfu ya miamala mfululizo, kila muamala ukisubiri jibu la "nimeandika" kutoka Dar es Salaam, foleni itahisi. Ndiyo maana wanaosema klasta huongeza kasi ya mfumo wanasema jambo lenye mipaka: kazi ya kusoma inaweza kugawanywa kati ya seva kadhaa ikaenda haraka, lakini kazi ya kuandika kwa usalama mara nyingi hupungua kasi, kwa kuwa lazima asubiriwe wa pili.

Ipo pia aina nyingine, ambapo makarani wawili wanaandika katika daftari moja lililowekwa katikati ya meza, yaani seva kadhaa zinatumia hifadhi moja ya pamoja. Kampuni ya Digital Equipment ya Marekani iliuza klasta za namna hiyo tangu miaka ya 1980, na Oracle ikaja na yake maarufu mwaka 2001. Aina hii inaondoa shida ya kunakili, lakini makarani wanalazimika kupeana zamu ya kalamu, na daftari lile moja likiharibika wote wawili hawana kazi.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe, ambalo nimeona likiwachanganya hata mafundi wazuri. Karani wa pili atajuaje kwamba wa kwanza amekufa?

Seva hutumiana ishara fupi kila baada ya sekunde moja au mbili, ambazo huitwa mapigo kwa mfano wa mapigo ya moyo. Mapigo yakikosekana kwa muda uliopangwa, tuseme sekunde 10, seva ya akiba inajitangaza kuwa kuu, inachukua anwani ambayo mifumo yote imezoea kuiita, na kazi inaendelea. Karani wa dirishani ataona kioo kimeganda kidogo, kisha kikarudi. Mpaka hapo hakuna utata. Utata unaanzia kwenye ukimya wenyewe, kwa sababu mwenzako asipoitika huenda amekufa, na huenda pia yuko mzima chumba cha pili na mlango umefungwa na upepo. Ukiwa upande wako wa mlango, hali hizo mbili zinafanana kabisa.

Fikiria basi kwamba wote wawili ni wazima na waya unaowaunganisha ndio uliokatika. Kila mmoja anaamini mwenzake hayupo, na kila mmoja anaendelea kupokea na kutoa mzigo. Gunia lililotolewa kwa mnunuzi mmoja kwenye daftari hili linatolewa kwa mnunuzi mwingine kwenye daftari lile. Mlango ukifunguliwa jioni kuna madaftari mawili, yote yana mihuri, yote yameandikwa kwa nia njema, na hayalingani. Fahali wawili hawakai zizi moja, na kwenye kanzidata msemo huo si mfano tena bali ni maelezo ya hitilafu halisi, ambayo tunaweza kuiita klasta ya vichwa viwili. Mfumo ukizimika saa tatu, watu wanapata kero. Mfumo ukigawanyika vichwa viwili kwa dakika tatu, wahasibu wanaweza kuhangaika wiki nzima wakitafuta ni daftari lipi liaminiwe kwa muamala upi, na wako wateja ambao fedha zao hazitapatikana bila wao wenyewe kuja na karatasi. Ningeomba kila anayenunua mfumo aelewe jambo hili kabla ya kuelewa jambo lingine lolote.

Dawa yake watu wa ushirika wanaijua tangu zamani, nayo ni akidi. Mkutano mkuu wa chama hauwezi kupitisha jambo mpaka itimie idadi ya wanachama inayotakiwa. Wachache wakijikuta ukumbini peke yao hawaruhusiwi kujiita mkutano, hata kama wote ni watu waaminifu. Klasta iliyopangwa vizuri hufuata kanuni hiyohiyo. Seva inayopoteza mawasiliano na wenzake hujiuliza: je, mimi na wale ninaowasikia tunazidi nusu ya wanachama wote? Kama ndiyo, inaendelea na kazi. Kama hapana, inajisimamisha yenyewe, hata kama ni nzima. Nguvu ya kanuni hii iko kwenye hesabu rahisi kwamba makundi mawili hayawezi yote kuzidi nusu, kwa hiyo hata mtandao ukatike vipi, vichwa viwili haviwezi kupatikana.

Rudi sasa kwenye ile kauli ya kununua seva mbili. Wanachama wakiwa wawili na waya ukakatika, kila mmoja anabaki na nusu kamili, na nusu haizidi nusu. Ama wote wasimame, na hapo fedha ya seva ya pili haikuzuia chochote, ama wote waendelee, na hapo tumerudi kwenye madaftari mawili. Wanachama watatu wanatosha kuvumilia kifo cha mmoja. Watano wanavumilia vifo viwili. Wanne, kwa hesabu hiyo, hawakuongezei uvumilivu wowote juu ya watatu, kwa kuwa akidi yao ni watatu na bado unaruhusiwa kumpoteza mmoja tu. Ndiyo maana mafundi hupendelea idadi witiri. Habari njema kwa taasisi zisizo na fedha nyingi ni kwamba mwanachama wa tatu si lazima awe seva kubwa yenye daftari kamili. Inaweza kuwekwa mashine ndogo ambayo kazi yake ni kupiga kura tu, nayo huitwa shahidi. Na pale ambapo ni lazima seva ziwe mbili, pawepo njia ya seva inayorithi kuikatia umeme ile inayoshukiwa kabla haijaanza kuandika, ili pasiwe na shaka kama bado iko hai.

Kanuni za namna seva zinavyokubaliana zimefanyiwa kazi kubwa na wanasayansi. Leslie Lamport alichapisha utaratibu wake uitwao Paxos mwaka 1998, na mwaka 2014 Diego Ongaro na John Ousterhout wa Chuo Kikuu cha Stanford wakaja na Raft, walioutengeneza makusudi uwe rahisi kueleweka. Anayenunua mfumo hahitaji kuusoma hata mmoja, lakini anayo haki ya kumuuliza muuzaji akidi ya klasta yake inahesabiwaje, na muuzaji asiyeweza kujibu swali hilo kwa maneno ya kawaida hapaswi kupewa kazi.

Hata hivyo akidi peke yake haimalizi mambo, na kisa cha GitHub kinaonyesha kwa nini. Tarehe 21 Oktoba 2018, kampuni hiyo ya kuhifadhi kazi za waandishi wa programu ilipoteza mawasiliano ya kituo chake cha data cha pwani ya mashariki ya Marekani kwa sekunde 43. Programu inayosimamia kanzidata zake ilitafuta akidi, ikaipata, na ikahamishia ukuu kwenye seva za pwani ya magharibi, kama ilivyopangwa. Lakini unakili kati ya pwani hizo mbili ulikuwa wa namna ile ya pili, wa baadaye. Seva za mashariki zilikuwa na maandishi ya sekunde chache ambayo hayakuwa yamefika magharibi, na magharibi nako kukaanza kuandikwa mambo mapya. Kurudi nyuma kukawa hakuwezekani bila kupoteza kitu. Wahandisi waliamua kulinda usahihi wa taarifa kuliko haraka, na huduma ikasuasua kwa saa 24 na dakika 11. Sekunde 43 za waya zilizaa siku nzima ya kazi, na walikuwa watu wenye fedha na utaalamu wa kutosha. Mimi nadhani uamuzi wao wa kulinda usahihi ulikuwa sahihi, na ningependa taasisi zetu zinazotunza fedha za wakulima ziuandike uamuzi kama huo mapema kwenye taratibu zao, kabla ya siku ya presha.

Linalofuata ni mahali pa kuziweka. Miaka michache iliyopita niliitwa kutazama mfumo wa taasisi moja ya fedha, ambayo sitaitaja, baada ya kuzimika siku ya malipo. Nilionyeshwa kwa fahari chumba cha seva. Zilikuwepo mbili, mpya, zimewekwa rafu moja, taa zao za bluu zikiwaka sambamba. Niliinama kufuata nyaya za umeme. Zote mbili ziliishia kwenye kifaa kimoja cha kuhifadhi umeme kilichokaa sakafuni, na nilipokifungua, betri yake ilikuwa imevimba mpaka imekataa kutoka kwenye nafasi yake. Kiyoyozi kilikuwa kimoja, kinadondosha maji kwenye ndoo ya rangi. Umeme ulipokatika kwa muda mfupi tu asubuhi ile, seva zote mbili zilikufa kwa pamoja. Kwenye karatasi taasisi ile ilikuwa na klasta. Kwa uhalisia ilikuwa na betri moja, na kila kitu kilining'inia hapo.

Anayetaka kujua kama klasta yake ni ya kweli na afanye zoezi hilo la kufuata nyaya: afuate wa umeme mpaka ukutani, afuate wa mtandao mpaka nje ya jengo, kisha ajiulize ni kitu gani kimoja ambacho kikifa kinaondoka na seva zote. Mara nyingi atakikuta. Katika miji yetu ya pwani kuna la kuongeza, kwamba hewa ya chumvi na unyevu hula viungio vya chuma polepole, kwa hiyo seva mbili zilizonunuliwa siku moja na kukaa chumba kimoja zinaweza pia kuanza kuumwa msimu mmoja.

Kutawanya wanachama kwenye miji tofauti kunasaidia, ila akidi lazima ihesabiwe upya. Ukiweka seva mbili Mtwara na moja Dar es Salaam, mkongo kati ya miji hiyo ukikatika Mtwara itaendelea, kwa kuwa ina wawili kati ya watatu. Lakini jengo la Mtwara likikosa umeme kabisa, seva ya Dar es Salaam itabaki peke yake, bila akidi, na itasimama ingawa ni nzima. Anayetaka kuvumilia kupotea kwa mji mzima anahitaji miji mitatu, tuseme Mtwara, Dar es Salaam na Dodoma, hata kama mmoja wao una shahidi tu. Kukodi seva za wingu hakuondoi hesabu hii. Wingu ni seva za mtu mwingine ndani ya jengo la mtu mwingine, na ukikodi moja tu, unayo moja tu. Kinachobadilika ni kwamba ufundi wa jengo, umeme na vipuri unaachiwa mwenye wingu, na hilo kwa taasisi nyingi za huku lina thamani.

Kuna dhana moja ninayoihofia kuliko zote, kwamba mwenye klasta hahitaji tena nakala za akiba, zile mafundi wanazoziita bakapu. Klasta hunakili kila kinachoandikwa, na haiulizi kama kilichoandikwa ni sahihi. Karani akifuta kwa bahati mbaya orodha ya wakulima wa kata nzima, ufutaji huo utanakiliwa kwa seva ya pili na ya tatu kwa haraka ileile inayonakiliwa malipo, na ndani ya sekunde moja akidi yote itakubaliana kwamba wakulima hao hawapo. Bakapu ni daftari la jana lililofungiwa mahali pengine, ambalo kosa la leo haliwezi kulifikia. Kampuni ya GitLab ililijua hilo kwa uchungu tarehe 31 Januari 2017. Seva yao ya akiba ilikuwa imebaki nyuma katika kunakili, mhandisi akataka kuisafisha ili aijaze upya, na kwa uchovu wa usiku akaendesha amri ya kufuta kwenye seva kuu badala ya ile ya akiba. Takribani gigabaiti 300 zilifutika. Walipozigeukia njia zao tano za kuhifadhi nakala, hazikuwa zikifanya kazi ipasavyo au hazikuwa zimewekwa kabisa. Waliokolewa na nakala moja iliyokuwa imechukuliwa kama saa sita kabla, na taarifa za saa hizo sita zikapotea. Waliandika hadharani kila hatua, na wamewafundisha mafundi wengi kwa uwazi ule.

Je, kila mtu anahitaji klasta? Hapana. Hesabu ya upatikanaji inasaidia kupima. Mfumo unaopatikana kwa asilimia 99 ya mwaka unasikika kuwa mzuri, lakini asilimia moja inayobaki ni zaidi ya siku tatu na nusu. Asilimia 99.9 inaacha saa 8 na dakika 46 hivi. Asilimia 99.99 inaacha kama dakika 53, na 99.999 inaacha dakika 5 na sekunde chache kwa mwaka mzima. Kila tisa inayoongezwa inagharimu zaidi ya iliyotangulia. Duka la vifaa vya ujenzi Mikindani linaweza kuvumilia nusu siku ya kuandika kwenye karatasi, na fedha yake itafanya kazi nzuri zaidi kwenye betri nzima na bakapu ya kila jioni inayohifadhiwa nje ya duka. Mfumo wa malipo wa chama kikuu katikati ya msimu hauwezi kuvumilia nusu siku, na zile siku tatu za asilimia moja haziji zimegawanywa vizuri kwenye mwaka. Huwa zinakuja siku ambayo mzigo wa kazi ni mkubwa, kwa sababu mzigo ndio unaoumiza mashine.

Kwa wanaohitaji, faida inayoonekana mara nyingi zaidi haihusu ajali. Seva zinahitaji masasisho ya usalama, disiki zinahitaji kubadilishwa, na taasisi yenye seva moja huahirisha kazi hizo miezi kwa miezi kwa kuogopa kuzima huduma. Yenye klasta humtoa mwanachama mmoja mchana kweupe, akahudumiwa na kurudishwa, kisha akatolewa wa pili, bila foleni kusimama kwa zaidi ya zile sekunde chache za kuhamisha ukuu.

Ubora wa klasta hujulikana kwa kuijaribu. Wakati mzuri kwa huku ni Septemba, kabla minada ya korosho haijaanza mwezi Oktoba, jioni ya siku isiyo na kazi nyingi, mafundi wote wakiwepo na bakapu ikiwa imechukuliwa na kuthibitishwa. Mtu mmoja anachomoa waya wa umeme wa seva kuu, mwingine anakaa dirishani akiendelea kuingiza miamala ya majaribio, wa tatu ana saa mkononi. Wanapima sekunde ngapi zimepita kabla ya kioo kurudi, halafu wanahesabu miamala: kila ambao dirishani ulionyesha "umekubaliwa" lazima uonekane kwenye seva iliyorithi. Ukikosekana hata mmoja, unakili wao ni ule wa baadaye, na wameligundua hilo Septemba. Jaribio la pili ni la kuchomoa waya wa mtandao badala ya umeme, na hili ndilo linalorukwa mara nyingi, ingawa ndilo linaloonyesha kama kuna hatari ya vichwa viwili.

Baada ya hapo seva iliyozimwa inawashwa, na hapa pana jambo la mwisho la kuangalia. Haitakiwi kurudi na kudai ukuu wake, hata kama ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Kama karani aliyetoka kulazwa, inakaa pembeni kwanza, inanakili mistari yote iliyoandikwa ilipokuwa haipo, na inapofika mstari wa mwisho sawa na wenzake ndipo inapohesabiwa tena kwenye akidi. Kwa daftari kubwa hilo linaweza kuchukua saa kadhaa, na kwa saa hizo zote klasta ya wanachama watatu inaendeshwa na wawili tu. Fundi wa zamu na akae karibu na simu mpaka wa tatu amalize kunakili.